Pudeli wa Kwenye Tangazo

"Mnyoe manyoya yote," mteja alisema. "Na kama una rangi nyeusi, mpake."

Kinyozi wa mbwa aliduwaa, mkasi mkononi. Kazini kwake alikwishasikia mengi, na shemeji zake hawaishi kumtania kama mbwa nao huomba kuchongwa ndevu. Lakini pudeli mweupe pee, mdogo kama paka, manyoya yamejiviringa vizuri, ageuzwe mweusi? Hilo lilikuwa geni.

"Mbona tuharibu uzuri wote huu, dada?"

"We mnyoe tu, dada yangu. Nina safari, basi halitanisubiri."

Aliongea huku akitazama mlangoni. Miwani ya jua hakuivua, ingawa mle ndani hata taa ilikuwa hafifu.

Ndipo kinyozi alipokumbuka. Tangu juzi picha ilikuwa ikizunguka kwenye simu za vinyozi wote wa mbwa pale mjini: pudeli mweupe, doa la kahawia ndani ya sikio la kushoto. Amepotea, nyumbani hatulali, ukimwona tafadhali piga namba hii. Akaliinua sikio. Doa hilo hapo.

Pudeli alitetemeka mwili mzima. Kinyozi alipompapasa mbavu, vidole vilikutana na mfupa uliovunjika ukaunga vibaya.

"Hapa alifanywa nini?"

"Alipigwa teke," mwanamke alijibu kwa sauti ya chini. "Sikuweza kuzuia."

Mwizi, tena mkatili, kinyozi alijisemea. Akambeba pudeli hadi chumba cha nyuma, eti anakwenda kumwosha, akapiga ile namba. Mwanamume aliyepokea alikuwa mpole, nusura alie.

"Mungu akubariki, dada. Aliyemleta ni mwanamke? Basi mcheleweshe, nakuomba. Nakuja sasa hivi."

Akamchelewesha. Alimwosha pudeli, akamkausha, akamrudisha kwenye meza ya mbele, akamchana fundo moja moja hadi kwenye ngozi, kama pudeli anavyotakiwa kuchanwa. Akamkata kucha. Akamfuta machozi yaliyogandia chini ya macho. Ilikuwa kazi safi, ya kujivunia, ila hata unyoya mmoja haukuwa umenyolewa.

Mteja alikwenda hadi mlangoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Kila alipofika mlangoni pudeli alimlilia, naye hakuweza kumwacha. Kinyozi hakubabaika, vimbwa hivi humzoea yeyote mwenye biskuti.

"Dada, tafadhali, nipe hivyo hivyo alivyo. Basi linaondoka."

"Bado masikio. Ukiyaacha hivi yataoza."

"Nakuomba. Sina mwingine." Machozi yalimtoka chini ya miwani, na hakujua ayafute au anyooshe mikono ampokee mbwa wake. "Nifanyeje mimi, jamani? Niambie nifanyeje."

Kinyozi alimwonea huruma, akakaribia kulegea. Kisha akamfikiria yule mwanamume na nyumba yake isiyolala, akapiga moyo konde, akachukua pamba nyingine.

Gari lilisimama nje.

Mwanamke alilijua kwa mlio wake. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliketi pale pale sakafuni katikati ya manyoya ya mbwa wa watu. Mwizi aliyeshikwa huwa hivyo, kinyozi aliwaza, lakini hakuifurahia hali ile kama alivyotarajia.

Mwanamume aliingia, shati limepigwa pasi, tabasamu usoni. Kinyozi alimviringisha pudeli kwenye taulo safi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mwanamume hakumtazama mbwa hata kidogo.

"Huyo baki naye," alisema, akiufunga mlango kwa ndani. "Mimi nimemfuata mke wangu."