Chupa ya Mhandisi Lukindo

Maji ya mfereji yaling'aa asubuhi ile kama ya mvua, na ndiyo yaliyomnyima raha Mhandisi Lukindo. Yeye alikuwa ameajiriwa na viwanda vya huko juu mfereji unakotoka, lakini sasa alikuwa ameunganishwa na mkemia na daktari kuupima uchafu wa viwanda hivyo hivyo.

Bi Nasra, mkemia, alijaza chupa akaifunga. "Kwa maji haya, daktari, wagonjwa wako wamejikuna bure."

Daktari Mbelwa hakucheka. "Watoto wa bondeni wana vidonda mpaka masikioni. Nikawaambie nini?"

"Muulize mwenzetu wa viwandani." Bi Nasra akamnyooshea Lukindo chupa. "Weka sahihi yako hapo, mhandisi, tuondoke."

Lukindo aliishika chupa. Alijua bomba la kumwagia uchafu mferejini lilikuwa limefungwa tangu wao watatu walipotangaza kuja, na kwamba bwawa la viwandani haliwezi kuuzuia uchafu zaidi ya adhuhuri kabla halijafurika. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Aliyepiga alikuwa meneja wa viwanda, mwenye kauli juu ya kazi ya Lukindo na nyumba wanamolala wanawe. Akaiacha itetemeke.

Akaizibua chupa, akayamwaga maji yote mchangani.

"Mhandisi, una wazimu?" Bi Nasra alisema.

"Keti, dada. Leo tutakula chakula cha mchana hapa hapa."

Akakaa juu ya jiwe, chupa tupu magotini, macho yake kwenye mdomo wa bomba. Simu ikaanza upya. Huko mjini adhana ya adhuhuri ikasikika, na ndani ya bomba kitu kikaanza kunguruma.