Mstari wa Tano

Dokta Fikri, mwalimu wa kupanga chapa za Kiarabu, aliigeuza karatasi juu chini, kama afanyavyo kila mtihani, ili macho yasisome maneno bali yaone mpangilio wa herufi tu. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye wa tano.

Shahinaz, mwenye kazi hiyo, aliinamisha macho kwenye dawati.

"Binti yangu, neno hili mbona umelivuta hivi? Limejinyoosha kama paka juani!"

Darasa likacheka. Hata mgeni wa ukaguzi kutoka wizarani, aliyekaa nyuma na daftari lake, alitabasamu.

"Niliwafundisha nini? Herufi huvutwa ili mstari upendeze. Haivutwi kuziba pengo." Sauti yake ikashuka. "Hapa palikuwa na neno."

Walikuwa wameambiwa wapange kwa chapa barua waliyoandikiwa na mtu wa nyumbani. Shahinaz alipanga ya kaka yake, na neno alilolitoa lilikuwa jina la gereza alimofungwa.

"Ni uvivu wangu tu, dokta."

Mgeni alikuwa ameshainuka, mkono mbele. "Hebu niione."

Dokta Fikri aliigeuza karatasi, akaisoma. Akaandika kitu pembeni kwa penseli, kisha akaifinya ikawa donge na kumsukumia Shahinaz kiganjani.

"Utaiona ikiwa kazi, bwana. Hii bado ni takataka. Sifuri! Toka, ukarudie yote!"

Shahinaz alilikunjua donge kule ngazini, akasoma maandishi ya penseli.

"Vuta neno pia kwenye mstari wa pili na wa nane. Pengo likiwa peke yake linaonekana."