Viatu vya Hunijui

Asubuhi ya kuwasaka nguruwe waliokuwa wakimaliza mihogo ya mji, Vuai, mkuu wa wasasi, alikagua nyayo za mbwa mmoja mmoja. Mbele yao palianza mawe ya matumbawe, makali kama chupa zilizovunjika. Alipofika kwa Hunijui, mbwa jike wa Mzee Shaame, akatikisa kichwa.

"Nyayo zimechanika. Huyu abaki, ami. Na wewe baki naye, mzeeke pamoja."

Wanaume wakacheka. Shaame akakaa chini, akavua viatu vyake vya ngozi vya sikukuu, akavikatakata kwa kisu, kisha akaifunga miguu yote minne ya Hunijui kwa vipande vile na kamba zake.

"Umeingiwa na wazimu? Wewe utakwenda na nini?"

"Zangu hukuzikagua, Vuai."

Akamvisha mbwa njuga shingoni, akamwachia. Hunijui akajikwaa, akasimama, akaingia maweni mbio. Shaame akamfuata pekupeku, mgongo wima.

Kicheko kikakoma. Njuga ikazidi kulia mbali, na juu ya jiwe la kwanza palibaki alama mbichi ya damu, ya unyayo wa mtu.