Nafasi ya Jina la Mama

Mghoi alimimina chai kikombe kimoja tu, chake. Mwakio, mdogo wake, ni muumini wa kanisa la Mormoni, linalokataza chai. Mghoi naye aliikosa miaka kumi na mmoja, mpaka alipoliacha kanisa hilo.

Mwakio alimsukumia fomu mezani. "Dada, Jumanne tunakwenda hekaluni. Mke wangu atabatizwa kwa niaba ya marehemu Mama. Andika jina lake la utotoni. Alikutajia wewe peke yako."

"Mama aliukataa ubatizo mpaka anakata roho. Ulikuwepo."

"Huko aliko ana hiari. Anaweza kuukataa tena."

"Akikataa, nani atakuletea jibu?" Mghoi mwenyewe aliwahi kuwaandikisha mashangazi saba waliokufa wabatizwe hivyo hivyo, na swali hilo ndilo lililomtoa kanisani.

"Andika tu!" Mwakio alipiga meza. Kisha akashusha sauti. "Nitampata wapi tena, Dada?"

Mghoi hakuishika kalamu. Alitoa kabatini kikombe cha bati cha Mama, akakijaza chai, akakiweka juu ya fomu, pale penye nafasi ya jina.

Mwakio alikikumbatia kwa viganja vyote viwili. Hakunywa, wala hakukiondoa.