Mgongoni, Usoni Hapana

"Mgongoni! Usoni hapana, watu wataona!"

Mama Chola aliusikia ukali huo akiwa anapukuchua mahindi nyuma ya nyumba, akadhani ni watoto wa jirani wanagombana. Alipochungulia, alimkuta mjukuu wake peke yake. Luse, mtoto wa miaka mitano aliyeletwa kwake kwa likizo, alikuwa amemlaza juu ya jiwe mwanasesere wake wa gunzi, aliyemvisha kipande cha suruali kuukuu, anamchapa kwa kijiti. Hakuchapa kitoto. Alikuwa anapumzika kati ya pigo na pigo, kama mtu ambaye hana haraka.

"Unalia? Nani kakwambia ulie?"

"Luse! Unafanya nini?"

"Namfunza adabu, Bibi."

"Nani kakufundisha hayo?"

Mtoto akafumba mdomo, kisha akanong'ona, "Ya nyumbani hatusemi."

Damu ilimpanda Mama Chola kichwani. Akachuchumaa, akamshika mtoto mabega. "Mimi ni bibi yako, niambie. Ni baba, siyo?"

Luse akamtazama mwanasesere. Akaitikia kwa kichwa. "Ni baba."

Hayo yalimtosha. Aliyaacha mahindi palepale kwenye ungo, akamvisha mtoto viatu, wakapanda basi la kwanza.

Njia nzima kutoka Luanshya hadi Kitwe alikuwa anamchambua moyoni mkwewe kipande kwa kipande. Kabaso! Yule fundi cherehani mwenye sauti ya chini, asiyeinua macho mbele ya watu! Alipokuja kuposa alipiga magoti na makofi ya heshima mpaka akina mama wakasema Chola kaokota dhahabu. Kumbe mnafiki tu. Na Chola naye, kila akipiga simu: "Tuko salama, Mama, usijali." Alimlea yule binti kwa jasho lake ili mwanamume aje kumgeuza ngoma?

Mama mkwe hajiingilii tu nyumbani kwa mkwe. Siku hiyo Mama Chola aliusukuma mlango kwa bega.

Kabaso alikuwa jikoni anasonga nshima, ugali wao wa mchana, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na joto lile la Oktoba linachemsha bati. Alipomwona aliuacha mwiko sufuriani, akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu.

"Karibu, Mama. Hatukujua kama..."

"Usiniite mama! Ulidhani hatutajua? Mtoto mdogo hivi anajua kupiga mahali pasipoonekana. Kajifunzia wapi, kanisani?"

Kabaso akamwangalia binti yake aliyesimama mlangoni, kisha akainamisha kichwa. "Ameona mengi, Mama. Nilikuwa namwomba Mungu amsahaulishe."

"Ati ulikuwa unamwomba Mungu! Huna hata haya! Sikiliza nikwambie. Nimekaa na mume miaka thelathini na miwili mpaka namzika. Hakuna siku aliyoninyooshea kidole. Hata kidole!"

"Najua, Mama. Chola huniambia kila mara."

"Na bado hukujifunza?"

"Nimejifunza." Kabaso aliitazama saa ya ukutani. "Mama, nakuomba sana. Mchukue Luse muondoke kabla Chola hajarudi kula."

Mama Chola alicheka kicheko kikavu. Anafukuzwa! Anafukuzwa ili huyu mtu abaki peke yake na mwanawe! Hasira aliyoibeba tangu asubuhi ikapasuka. Akauchomoa mwiko sufuriani, nshima ikiwa bado imeugandia, akamtandika nao begani.

Kabaso hakukimbia. Hakuukamata mkono wa yule mama, ingawa angeweza. Aligeuka polepole, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akainama.

Upole huo ndio uliomtia Mama Chola wazimu kabisa. "Sasa unajifanya kondoo!" Akapiga. "Hii ya Chola!" Akapiga tena. "Na hii ya Chola!" Kule mlangoni Luse alikuwa anatazama, macho hayapepesi.

Ndipo Chola akaingia, amevaa sare yake ya duka la dawa, mkoba begani. Mama yake alimrukia. Akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku. Akampandisha mikono ya sare hadi mabegani, akamvuta kola achungulie mgongo. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Hakuna alama. Hata mchubuko.

"Mama, unatafuta nini mwilini mwangu?" Chola aliuliza kwa mshangao. Kisha akamwona mumewe ameinama pale mezani, akauona na mwiko. Uso wake ukachangamka. Aliutua mkoba sakafuni, akavua saa.

"Kumbe umeshaanza," alisema. "Lete huo mwiko, Mama. Wewe mshike mikono, kama mimi nilivyokuwa nakushikia Baba."