Macho ku Plafond

Mutoto alikuwa analia, lakini hakuna muntu alimusikia. Kinywa wazi, uso mwekundu, sauti kidogo sana, kama kapaka kenye kufungiwa mu sanduku. Siku tatu tu tangu azaliwe. Bakimupa biberon ananyonya mara mbili, taya inachoka, maziwa inarudilia ku pua.

— Munaona? Mama Nkandu akapiga kelele, salle yote ya hospitali ikageuka. Munaona vile damu ya Bakasai inafanya?

Mbuyi, mukwe wake, bibi ya mwana wake Raoul, akafunika mutoto muzuri. Alikuwa amesimama na mutoto ku mukono. Alimubeba vile tangu nyumbani kwabo Kipushi, nusu ya njia kwa miguu, kwa sababu ku ma barrière ba jeunes ba Katanga balikuwa banashusha Bakasai, bantu ba Kasai, mu ma camions. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Lubumbashi yote iliimba wimbo moja: barudie kwabo. Ku gare, bantu balikuwa banalala chini na ma valises, banangoja train.

— Train ya saa kumi njo yako, Mama Nkandu akamuambia. Mutoto ya Raoul anabakia huku. Kama anapona! Mama gani weye, mabele haina hata maziwa?

Nyuma yake Émerance, binti yake wa mwisho, alikuwa anashika thermos na mikono mbili, kama vile iko na uzito ya mufuko. Miezi mitano alikaa Kipushi kusaidia bibi ya kaka yake, kwa sababu Raoul na Mbuyi balisema mimba iko mubaya. Mama Nkandu alimuachilia kwa hasira. Yeye mwenyewe, tangu ndoa, hakukanyaga nyumba ya Mukasai hata siku moja.

— Na huyu, ona vile ulimukondesha! Mwana wa lycée, mwezi wa tisa anaingia utawa kwa ba masœurs, unamugeuza boyesse ya kukufulia manguo! Hata macho haifunguke tena!

— Niko muzima, mama, Émerance akasema. Sauti ilitokea mu pua. Akavuta pull-over yake, hata joto ilikuwa inachoma.

Docteur Léonard akaingia peke yake. Nusu ya ba infirmiers balikuwa Bakasai, balikuwa ku gare na bengine. Akainua mukono ya mutoto, akaachilia. Ikaanguka kama nguo yenye mayi. Akaangalia macho: nusu inafunga.

— Nitamupiga sindano moja ya néostigmine, dawa ya kuamusha nguvu ya mwili, akasema. Kama sikosee, mu dakika makumi mbili tutajua.

Dakika zote makumi mbili, Mama Nkandu alitukana. Akatukana baba ya Mbuyi, akatukana njia ya reli yenye ilimuleta. Hata jina ya mutoto akairudisha.

— Antoine ni jina ya bwana yangu, Mungu amuweke. Siwezi kuiachilia ku kitu ya hivi.

Kisha mutoto akalia. Alilia kwa kweli! Sauti kubwa, macho wazi, mpaka ba mama ba vitanda vingine bakapiga mikono. Émerance akafunga mikono ku kifua mbio mbio. Thermos ikaanguka, ikapasuka. Mbuyi akaweka biberon mu kinywa ya mutoto, akanyonya yote bila kupumzika.

Docteur akacheka kidogo, kisha akaacha.

— Ni myasthénie. Lakini haiko yake, iko ya mama yake. Kuko kitu mu damu ya mama inazuia nguvu isifike mu mwili. Mu tumbo ikapita kwa mutoto. Yeye, tukimupa dawa mbele ya kunyonya, mu ma wiki kidogo itamutoka yenyewe. Mama yake, haitamutoka. Asipopata dawa, siku moja hata kuvuta pumzi kutamushinda. Atakufa.

— Nilisema! Mama Nkandu akaruka. Damu ya mama! Docteur mwenyewe anasema!

Mbuyi akabakia kama muntu mwenye kupigwa kofi.

— Mama, docteur akamuambia, angalia plafond, kule juu. Usishushe macho, usifunge.

Mbuyi akaangalia plafond. Dakika moja. Mbili. Tatu. Macho haikutikisika.

Docteur akakuna kichwa.

— Unachokaka haraka? Kubeba vitu inakushinda?

— Huyu? Mama Nkandu akadakia. Anabebaka mufuko ya farine ku kichwa kama mwanaume!

— Sasa sielewi, docteur akasema.

— Anajikaza tu, docteur! Bako vile, uongo mpaka mu macho! Émerance, kuya hapa. Angalia plafond na weye, docteur aone macho ya muntu mwenye damu safi, afananishe.

Émerance hakusogea. Machozi ilikuwa inashuka.

— Yaya Mbuyi…, akasema.

Mbuyi akamushika mukono.

— Umesikia vile docteur amesema, akamuambia pole pole. Angalia tu, mudogo yangu. Nitakuwa hapa.

Émerance akainua macho. Mama Nkandu akachekelea, mikono ku kiuno. Docteur akaanza kuhesabu. Hakufika makumi mbili. Macho zote mbili zilishuka pole pole, kama milango ya chuma ya ma magasins wakati ba jeunes banapita ku avenue.

Ku pull-over yake, pa kifua, mulikuwa na alama mbili za maziwa.

Docteur akatoa mutoto ku mukono ya Mbuyi, akamuweka pole pole ku mukono ya Émerance.

— Kamata mutoto yako, mama, akasema. Dawa mutakunywa bote wawili.