Mbegu Tatu za Mwasiti

Katika mji ule, mbegu za pilipili hupandwa na mtu aliyekasirika. Zikipandwa na mpole, huzaa vizuri lakini haziwashi hata ulimi wa mtoto. Kwa hiyo kila msimu Chanzi humchokoza mkewe, Mwasiti. Mwaka jana aliusema vibaya mchuzi wake, na kunguru aliyedonoa pilipili ya kwanza akauhama mji.

Safari hii alipitiliza. Mwasiti aliukuta mtupu ungo alioanikia pilipili za mbegu, na mumewe kando anahema, midomo imemvimba.

“Umekula mbegu za marehemu mama?”

“Nakupandisha hasira, mke wangu. Si ndiyo siku ya kupanda?”

“Na nipande nini sasa, we mzee? Meno yako?”

Mbegu tatu zilikuwa zimenasa kwenye ndevu zake. Mwasiti alimshika kidevu, akazichomoa moja moja, naye hakuthubutu kukohoa. Akazifukia kwenye sufuria kuukuu yenye udongo, akaingia nayo chumbani na kuiweka juu ya mto wa Chanzi, palipofika jua la dirishani. Kisha akamtupia mkeka uani, akakomea mlango.

Kutoka uani Chanzi alimsikia akizimwagilia maji, kila tone na tusi lake.